Chungu cha Tatu cha Mama Masumbuko

Sogeeni. Lakini kabla sijafungua kinywa, apeni. Kila mmoja aguse udongo kwa kidole, aweke kidole ulimini, aseme: sitasema. Wewe wa nyuma, sijakusikia. Haya. Neno hili halitoki hapa. Mimi mwenyewe nilipopewa nililamba udongo hivyo hivyo, nikaapa kwa kaburi la mama yangu kwamba nitakufa nalo. Sasa sikilizeni niwaambie.

Paukwa.

Pakawa.

Chungu kipo?

Kipo, kinachacha.

Aliyekipika?

Analia.

Aliyekinywa?

Hatumjui.

Basi twendeni tukamtafute.

Hapo zamani, zamani za wanyama kuwa na misiba kama sisi, palikuwa na bonde ambalo jua lilichelewa kufika na kuwahi kuondoka. Ukungu ulilala humo kama mgonjwa. Katika bonde hilo aliishi Nungunungu mmoja, mjane, wakimwita Mama Masumbuko. Mumewe alikufa wakati wa masika. Shimo lilimwangukia akichimba mizizi ya chakula cha watoto. Wakamtoa, wakamwosha matope, wakamzika. Mvua ikanyesha juu ya kaburi siku saba.

Sasa bonde lile lilikuwa na desturi yake. Mtu akifa, hakuhesabiwa kuwa amefika kwa wafu wenzake mpaka anywe pombe ya kumaliza msiba. Mjane huipika kwa mkono wake. Chungu huwekwa ndani ya kibanda cha wafu, hupigwa alama ya mkaa pale pombe ilipofikia, mlango hufungwa. Kijiji kizima hukaa nje, kimekipa kibanda mgongo, tangu jua la asubuhi mpaka vivuli viwaingie watu miguuni. Kugeuka ni mwiko. Atakayemwona mfu akinywa, walisema, macho yake hupofuka palepale.

Kisha kibanda hufunguliwa. Pombe ikiwa imeshuka chini ya alama, mfu ameridhika, msiba umekwisha. Ikiwa haikushuka, mfu amekataa. Akikataa mara tatu, basi mjane ana mkono katika kifo kile. Huvushwa mto peke yake, asirudi, na watoto hubaki kwa baba zao wadogo.

Mama Masumbuko alikuwa na watoto wawili. Masumbuko mwenyewe, na mdogo wake wa kike ambaye miiba yake ilikuwa bado laini.

Mlinzi wa kibanda alikuwa Nyegere. Mzee Nyegere huyu ndiye aliyekuwa mwonjaji wa pombe wa bonde zima. Amezunguka nyumba kwa nyumba tangu ujanani, hakuna chungu asichokijua. Ya ulezi, ya mtama, ya ndizi, ulanzi wa mianzi, zote zimepita mdomoni mwake. Akipiga funda, alilizungusha shavu la kulia, akalizungusha shavu la kushoto, akatazama juu kana kwamba jibu limeandikwa mawinguni, ndipo akameza.

"Hii imeshika moshi," husema. Au, "Hii kimea chake kiliachwa kikaota siku moja zaidi." Au, "Hii mpishi wake amegombana na mume." Na kweli walikuwa wamegombana, habari zao ninazo, lakini si za leo.

Siku ya kumaliza msiba, kazi yake ilikuwa kuingia na chungu na kuonja kwanza, wafu wasije wakapewa sumu. Akitoka, alikaa mlangoni peke yake, uso kwenye kibanda, maana macho yake, walisema, yameshazoea wafu. Hakuna aliyeuliza yalizoea lini.

Mama Masumbuko akapika chungu cha kwanza. Akapika ya ulezi, maana mumewe aliipenda ya ulezi kuliko chakula. Aliloweka, akaotesha, akaanika chini ya jua lisilo na nguvu, akasaga, akapika, akachuja. Akaiweka kibandani. Nyegere akaonja, akakunja pua kidogo, akatoka. Kijiji kikageuza mgongo. Mama Masumbuko akaimba:

*Baba Masumbuko, njoo unywe,*
*nimeipika kwa mkono wangu.*
*Kama una neno na mimi, liseme,*
*usiniache kwenye macho ya watu.*

Vivuli vikaingia miguuni. Mzee Nyati, mkuu wa bonde, akafungua mlango. Pombe iko palepale kwenye mkaa, haikupungua hata kwa nzi.

"Amekataa," akasema Nyati.

Nyegere akajipiga kifua, akalia kwa sauti kuliko mjane. "Pole, mwanangu. Pole sana. Mimi nililiona hili tangu naonja. Nikasema, lakini mimi nani?"

Watu wakaondoka wawili wawili, wakinong'ona.

Mama Masumbuko akapika chungu cha pili. Akapika ya ndizi, maana ndiyo waliyokunywa siku ya harusi yao, wakishika kibuyu kimoja. Alimenya, akachemsha, akachanganya na uji wa kimea, akafunika. Akaiweka kibandani. Nyegere akaonja, akakunja pua, akatoka. Kijiji kikageuza mgongo. Mama Masumbuko akaimba, na safari hii sauti ilikatika mahali pa kuvutia pumzi:

*Baba Masumbuko, njoo unywe,*
*nimeipika kwa mkono wangu.*
*Kama una neno na mimi, liseme,*
*usiniache kwenye macho ya watu.*

Vivuli vikaingia miguuni. Nyati akafungua mlango. Pombe iko palepale.

"Amekataa," akasema Nyati.

Nyegere akalia tena. Jioni ile shemeji yake Mama Masumbuko, mdogo wake marehemu, akapita kwake, hakusalimu vizuri. Akawatazama watoto mmoja mmoja, akawaambia wasimame, akawapima kwa macho kama mtu anayetafuta watalala wapi.

Mjane alilia mpaka akaacha kulia. Kilichomuuma si mto tu. Kilichomuuma ni kwamba mume wake, aliyelala naye mgongo kwa tumbo miaka yote ile bila mwiba mmoja kumchoma, anaijua pombe ya mkono wake na anaikataa.

Akaja jirani yake, Kanga. Mnamjua Kanga. Hakuna jambo linalopita bondeni asilolidonoa.

"Shoga yangu, wewe unapika kama mgeni," akasema Kanga kabla hajakaa. "Ulezi wa nini? Ndizi za nini? Wafu wa humu wote wanataka ya asali. Hesabu mwenyewe. Mke wa Ngiri alitia ya asali, ikashuka. Kwa Paa walitia ya asali, ikashuka. Kwa Kima walitia ya mtama, ikabaki, wakatia ya asali, ikashuka."

"Baba Masumbuko na asali?" akasema mjane. "Nyuki walimuua mama yake, yeye akitazama. Asali haikuvuka kizingiti changu tangu niolewe. Ukimtajia tu, anatoka nje kutapika."

"Alipokuwa hai. Wakifa wanabadilika." Kanga akainama, sauti yake ikawa ndogo, si ile yake ya kila siku. "Mwanangu alikuwa na siku tisa, Mama Masumbuko. Siku tisa. Pombe alikuwa haijui hata harufu. Nilimtilia ya asali, akainywa mpaka sira. Ndipo nikapata usingizi. Mpe mumeo ya asali, nawe ulale."

Mama Masumbuko akaupandia mzinga mwenyewe. Nyuki wakamuuma pua, wakamuuma midomo, wakamuuma kope. Akashuka na asali, akaichanganya na maji ya vuguvugu na kimea, akaiweka karibu na jiko siku nne. Ilipochacha, nyumba nzima ikanukia maua. Watoto wakauliza, "Mama, hiki ni nini?" Hawakuwahi kuinusa. Akawaambia, "Ni cha baba yenu."

Asubuhi ya chungu cha tatu ukungu ulikuwa mzito hata kibanda kilionekana nusu. Ng'ambo ya mto walikuwa wameshafyeka njia. Shemeji mtu alikuja na mkeka wa kuwabebea watoto.

Nyegere akaingia na chungu. Safari hii alikawia ndani. Akatoka akijipangusa ndevu. "Hii," akasema, "mwanangu, hii umepika." Akakaa mahali pake mlangoni. Kijiji kikageuza mgongo. Mama Masumbuko akaimba kwa midomo iliyovimba:

*Baba Masumbuko, njoo unywe,*
*nimeipika kwa mkono wangu.*
*Kama una neno na mimi, liseme,*
*usiniache kwenye macho ya watu.*

Haukupita muda, ikasikika nyuma yao. Fyoo. Kimya. Fyoo. Kimya. Fyoo.

"Anakunywa," akanong'ona Kanga, akamshika mkono. "Unasikia, shoga? Anakunywa."

"Anakunywa," wakapokezana watu, mstari mzima. Mzee Nyati akashusha pumzi. Shemeji mtu akaukunja mkeka wake polepole, akauweka chini ya makalio, akaukalia.

Mama Masumbuko akajua kwamba ameokoka. Hakuwa na la kufanya ila kukaa. Vivuli vingeingia miguuni, mlango ungefunguliwa, angerudi nyumbani na watoto wake wawili, na hakuna ambaye angemtazama vibaya tena mpaka afe.

Fyoo.

Akakaa. Akasikiliza. Kila funda lilimwingia kama mwiba uliogeuzwa. Anayekunywa vile anaipenda asali. Anaipenda kwa miaka. Anavuta, anazungusha mdomoni, anakawia, ndipo anameza. Huyu si Baba Masumbuko. Na kama si Baba Masumbuko, basi Baba Masumbuko bado yuko nje kwenye mvua, hajapewa kitu, wala hajamkataa mtu.

Fyoo.

Miiba yake ikaanza kusimama mmoja mmoja. Akawatazama watoto wake waliokaa mbele, akawatazama vizuri, kope mpaka kucha ndogo za miguu, kama mtu anayewatia akibani. Kisha akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Alisema moyoni, nikipofuka, nipofuke moja. Hili jingine nitalelea wanangu.

Akageuka.

Jicho halikupofuka. Lilimwona Nyegere amekaa mlangoni, kafumba macho, kainua kichwa kama anayesoma mawingu. Mdomoni ana mrija. Mrija umepita katikati ya mabua ya ukuta, umeingia kibandani, umezama chunguni. Aliupenyeza alipoingia kuonja. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kurudi kuinama juu ya chungu, auchomoe kabla haujaonekana, kila msiba, miaka yote.

Mama Masumbuko akamwendea taratibu, hakukanyaga kijiti. Akaushika mrija palepale ulipotoka ukutani.

"Geukeni," akasema.

Hakuna aliyegeuka. "Huyu mwanamke kapata wazimu," akasema shemeji, akiwa amefumba macho kwa woga. "Kageuka. Kaeni vilevile. Si mnajua atakuwa kipofu sasa hivi?"

"Sijapofuka. Mzee Nyati, una kupe watatu chini ya nundu, na mmoja ameshashiba. Shemeji, umekalia mkeka wa wanangu. Naona vizuri. Geukeni."

Nyati akajipapasa chini ya nundu. Akahesabu. Wa kwanza kugeuka akawa Kanga, kwa sababu haijawahi kutokea Kanga akaachwa nyuma na habari. Halafu Nyati. Halafu wote, wengine wakichungulia katikati ya vidole.

Nyegere alikuwa amefumbua macho. Mrija ulikuwa bado mdomoni, mkono wa mjane umeushika, na mashavu yake yote mawili yamejaa. Povu la asali lilikuwa limemgandia kwenye ndevu. Akimeza, amekunywa pombe ya mfu mbele ya bonde zima. Akitema, wataiona. Basi akakaa hivyo, amevimba, akiangalia huku na huku.

"Mzee Nyegere," akasema Nyati, "sema neno."

Nyegere hakuwa na mahali pa kupitishia neno.

Sasa wakaanza kutazamana. Mke wa Ngiri akamtazama Paa. Paa akamtazama Kima. Kila mmoja alikuwa anahesabu vyungu vyake. Akatoka Kanga mbele, hatua tatu.

"Mzee," akasema, "mwanangu alikuwa na siku tisa. Chungu chake kilikwisha mpaka sira. Uliniambia amekunywa akacheka. Nani alikinywa?"

Ukungu ukatulia. Bonde zima likamtazama Nyegere kooni.

Nyegere akameza. Wote wakasikia likishuka.

Hapo ndipo nilipoachiwa ngano. Funzo lake ni hili: mkiambiwa wote mgeuke msiangalie, ulizeni kwanza nani anabaki anaangalia. Na anayelia kwenye msiba wako kuliko wewe, kamnuse mdomo.

Mimi tangu niisikie, pombe nainywa nimeegemea ukuta, tena ukuta wa mawe.

Ngano nimeifunika na jani juu. Mwenye kiu akafunue ya kwao.