Fisi Amtafuta Kiatu cha Kushoto

Sogeeni, sogeeni, na kila mwenye simu aigeuze uso chini, maana ninayoyasema leo sitaki yafike huko. Alikuwapo Simba, alikuwapo Fisi, alikuwapo Sungura, na kiu ilikuwapo kuliko wote.

Mwaka huo mvua iligoma kabisa. Nyika ya Kwapa Kavu ikaungua mpaka mijusi ikawa inatembea kwa ncha za vidole. Visima vikageuka matope, na matope yakageuka vumbi. Kikasalia kisima kimoja tu chini ya mlima, na hicho Simba alikizungushia ua wa miiba, akatangaza: "Kisima kimekauka. Anayebisha aje anibishie kwa karibu." Nani aende? Wanyama wakanyamaza, wakawa wanalamba umande.

Sasa, wanyama wa nyika hiyo walikuwa na simu. Walizipata wapi na walizichaji kwa nani, hayo mkamuulize mwingine. Walikuwa na kundi lao la mtandaoni, Majirani wa Kwapa Kavu, na humo kila mmoja alijipa jina alilolipenda. Ngiri, mama mnene mwenye maneno mengi, alijiita Mrembo wa Matope. Simba naye aliingia kwa siri akajiita Paka wa Kawaida, ila siri hiyo haikumfaa kitu, maana aliandika hivi: "Sisi Paka wa Kawaida tunaamuru mnyamaze, tunataka kulala." Kila mtu alijua ni nani. Hakuna aliyethubutu kusema.

Humo kundini alikuwamo pia Digidigi, yule swala mdogo ambaye akisimama kwenye nyasi unaona masikio tu. Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, na kwa kiu ile maziwa yalikuwa yanamkauka. Siku moja akasema liwalo na liwe, akajongea hadi kwenye ua wa kisima, akachungulia chini ya miiba. Lahaula! Simba yumo ndani ya maji mpaka kifuani, ana povu la sabuni hadi masikioni, anaimba, tena anaimba vibaya. Digidigi akapiga picha, akairusha kundini kwa jina lake la humo, Kiatu cha Kushoto. Chini yake akaandika: "Kumbe kukauka ndiko huku?"

Wee! Kundi halikukalika. Kabla Simba hajamaliza kujifuta, picha ilikwisha geuzwa stika. Nyumbu alicheka hadi akajigonga kwenye mti. Baada ya kucheka wakakasirika, wakaanza kuuliza maji yao.

Simba akamwita Fisi.

"Wanyama wanauliza maji, mfalme," Fisi akasema.

"Maji waache waulize!" Simba akanguruma. "Povu! Wameniona na povu masikioni! Mimi! Huyo Kiatu nikimjua namla, yeye na kizazi chake!"

"Niachie mimi, mfalme. Ila kazi hii inataka akili, na akili yangu mimi hukaa tumboni. Tumbo likiwa tupu, na yenyewe hutoka kwenda kutafuta riziki."

Basi Simba, kwa hasira alizokuwa nazo, akaamuru Fisi apewe paja la nyama kila siku mpaka Kiatu cha Kushoto apatikane. Akipatikana, nyama ya Simba, mifupa ya Fisi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Fisi hakujua nywila, hakujua mitambo, hakujua lolote la maana. Alichojua ni kwamba wanyama wa Kwapa Kavu wamelelewa na mama zao. Akaingia kundini kwa jina jipya, Bibi Upole, akaweka picha ya waridi lenye umande, na kila asubuhi akawa anatuma, "Mmeamkaje wajukuu zangu," pamoja na ua lingine. Nani amshuku bibi mwenye maua? Wakaanza kumwamkia mmoja mmoja, pembeni, nje ya kundi.

"Shikamoo bibi," Ngiri akaandika.

"Marahaba mjukuu wangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri bibi, ila mume wangu anakoroma. Shimo letu ni lile jirani na kichuguu kilichoinama, mlango wa nyuma haufungi, na jioni huwa tunatoka kuchimba mizizi, watoto tunawaacha wenyewe."

Fisi akaisoma, akairudia, akaumia sana kwamba hakutumwa kumtafuta Ngiri.

Kisha akamwandikia Kiatu cha Kushoto mwenyewe. Digidigi alipoona ujumbe wa bibi mtu mzima, mkono ukatangulia kabla ya akili.

"Shikamoo bibi," akajibu.

"Marahaba, marahaba. Picha yako imenichekesha hadi jino limenitoka. Habari za nyumbani, mjukuu wangu?"

"Tunashukuru Mungu, bibi. Mtoto anakohoa kidogo."

"Maskini! Baridi ya usiku hiyo. Kwani mnalala wapi?"

"Kichakani, bibi."

"Pole. Na picha ile uliipigaje, na ua ule ulivyo mrefu?"

"Nilichungulia chini ya miiba, bibi. Mimi ni mfupi."

"Mashallah. Kichaka gani, nikutumie dawa ya kikohozi?"

Hapo mtoto akaamka akalia, na Digidigi akaiweka simu chini ili amnyonyeshe. Kilio hicho ndicho kilichomwokoa, maana jibu alikwisha kuanza kuliandika.

Lakini Fisi alikuwa na ya kumtosha. Alikimbilia kwa Simba akihema. "Mfupi, mfalme! Analala kichakani, ana mtoto mchanga anayekohoa! Kesho tunapekua vichaka vyote!" Halafu akashika fimbo, akaanza kuzunguka nyika akipima urefu wa kila anayekutana naye. Akiulizwa, anasema ni sensa.

Sungura naye alipimwa.

"Masikio hayahesabiwi," Sungura akasema.

"Yanahesabiwa," Fisi akasema.

"Basi na wewe hesabu ulimi wako. Tangu lini sensa inapima urefu?"

"Ni ya wafupi tu. Wafupi wenye watoto wanaokohoa," Fisi akasema, na hapo hapo akajishika mdomo. Sungura akaunganisha: anayeuliza watu habari za nyumbani siku hizi ni Bibi Upole peke yake. Alisubiri Fisi apotee, halafu akatimua mbio hadi kwenye kichaka cha Digidigi.

Alimkuta amesimama, mtoto kati ya miguu, amekwisha sikia kwamba kesho vichaka vinapekuliwa.

"Kaka Sungura, nimekwisha," Digidigi akasema. "Kiatu cha Kushoto ni..."

"Usiniambie!" Sungura akaziba masikio, na masikio yale si kazi ndogo kuyaziba. "Hata mimi usiniambie. Niambie tu huyo Kiatu amemwambia nini bibi wa maua."

"Kwani bibi wa maua ana nini?"

"Ana mkia, dada. Ana mkia, ana madoa, na ana fimbo ya kupimia watu."

Digidigi akakaa chini pwaa! "Lakini aliuliza habari za nyumbani! Mtu mzima anakuuliza habari za nyumbani, utamnyamazia?"

"Usimnyamazie. Mwambie salama!" Sungura akafoka. "Tangu tuzaliwe, mtu akiuliza habari tunasema salama, hata kama nyumba inaungua. Leo mmepewa simu, salama imewashinda? Mtu anaulizwa habari za nyumbani, anatoa ramani!"

Digidigi akaanza kulia. Hapo Sungura akaona aibu, akamshika bega. Kusema kweli naye alikuwa na hofu. Kumcheka Simba ni rahisi, kumwona akija na fisi wa kunusa ni jambo lingine. Na mtoto alikuwa anakohoa, na kikohozi kile kwenye nyika tupu kilisikika mbali.

"Nitafuta kila kitu, nizime simu," Digidigi akasema.

"Umeshachelewa, anayo kichwani. Wewe kaa kimya. Hata ukiona nini kundini leo, hata ukisifiwa vipi, usijibu. Unakula nyama?"

"Mimi? Sijawahi."

"Vizuri. Basi hutashawishika."

Sungura akajibanza, akafungua jina lake la siku hiyo, Kamati ya Shukrani. Akatafuta picha ya ubavu wa nyati uliochomwa, unaotiririka mafuta, wenye chumvi inayoonekana kwa macho. Akaituma kundini na maneno haya: "Ndugu Kiatu cha Kushoto, sisi wenye kiu tunakushukuru kwa picha yako. Tumekuandalia ubavu huu wote, peke yako. Jitokeze, taja jina lako halisi na unapolala, tukuletee kabla haujapoa. Usipojitokeza sasa hivi, tunawapa tai."

Kila mmoja ametoa macho kwenye simu yake. Digidigi alikuwa ameikalia ya kwake ili asije akajibu kwa adabu.

Nyuma ya jiwe jeusi, pangoni mwake, Fisi aliona ule ubavu. Akaukuza kwa vidole, akaona mafuta. Akaukuza tena, akalamba kioo. Akili yake ikamwambia, "Fisi, tulia, Simba yumo humu kundini." Tumbo likajibu, "Nyamaza wewe, nani kakuuliza?" Akili ikasema, "Lakini sisi ndio tunaomtafuta huyo Kiatu!" Tumbo likasema, "Ubavu unapoa. Wanawapa tai. Tai, Fisi! Tai!"

Fisi akaandika vidole vikiteleza kwa mate: "NI MIMI! Kiatu cha Kushoto ni mimi Fisi, picha nilipiga mwenyewe! Nalala nyuma ya jiwe jeusi, pango lenye harufu. Pilipili wekeni kando."

Akatuma. Na kwa haraka ile hakukumbuka kubadilisha jina. Ujumbe ukatokea kundini, na pembeni yake waridi lenye umande.

"Bibi?" Ngiri akaandika.

Halafu akaandika tena: "BIBI! Nimekwambia mlango wa nyuma haufungi!"

Kabla mtu mwingine hajasema neno, ukaingia ujumbe mmoja mfupi: "Sisi Paka wa Kawaida tumeona. Tunakuja."

Fisi hakuusoma. Alikuwa anatandika jani mlangoni na kujifunga kitambaa shingoni. Akasikia, "Hodi!"

"Karibu, karibu! Wekeni hapo kwenye jani, msiguse mafuta!" Akatoka anachekelea, akakuta manyoya, na katikati ya manyoya macho mawili mekundu. "Mfalme! Kumbe na wewe umo kwenye kamati?"

"Tumekuja kumwona Kiatu," Simba akasema.

"Mfalme, nilikuwa natania! Mimi si Kiatu, nimesema tu kwa sababu ya ubavu!"

"Siku zote hizi unakula mapaja yangu ukimtafuta mtu, na mtu mwenyewe ni wewe!"

"Naapa si mimi! Kiatu ni mfupi!"

"Umeandika mwenyewe. Jina, jiwe, pango, hadi pilipili!"

Fisi akaliruka jani lake. Akatoka mbio na kitambaa chake shingoni, Simba nyuma yake, wakapita nyika, wakapita mto uliokauka, wakavuka mlima. Waliopo upande wa pili wanasema walipita wakiwa wanabishana bado.

Na kisimani? Hakuna mlinzi! Nyumbu wakaisukuma miiba kwa pembe, ua ukaanguka, na wanyama wakaingia majini kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Digidigi alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Mtoto wake akanyonya, akashiba, akalala, na kikohozi kikakoma. Digidigi akamtazama, machozi yakamtoka, akayaosha na maji yale yale ili yasionekane.

Simba aliporudi baadaye, amekonda na ana miiba nyayoni, alikuta kisima kimejaa watu na hapakuwa na wa kumtisha, walikuwa wengi mno. Akatangaza kwamba ni yeye aliyekifungua, kwa huruma zake. Wanyama wakampigia makofi, kwani makofi yalikuwa bure.

Lakini siku ile ya kwanza, wakiwa bado wanakunywa, Ngiri alimsogelea Digidigi akamnong'oneza, yaani kwa sauti iliyofika mlimani.

"Shoga, Fisi yule hana akili ya kupiga picha. Kiatu cha Kushoto wa kweli ni nani? Tungemjua tungembeba mabegani!"

Digidigi alisikia ulimi unamwasha. Kubebwa mabegani, yeye, ambaye maisha yake yote ameona matumbo ya wenzake tu! Akamwangalia mtoto.

"Sijui, shoga," akasema. "Labda Twiga."

Wote wakageuka kumtazama Twiga. Twiga hakukubali wala hakukataa, aliinyoosha tu shingo yake vizuri, na hadi leo hulipiwa vinywaji.

Basi hiyo ndiyo habari ya Kwapa Kavu. Fisi alitaka kulifunua jina la mwenzake akaishia kulitangaza la kwake, pamoja na anwani. Nanyi mkiulizwa habari za nyumbani na ua ambalo halina sura, jibuni kwa adabu, jibuni kwa ufupi, mlale na watoto wenu. Mimi nimemaliza kusema. Ninaitwa nani na ninalala wapi, hayo hayawahusu.