Dua ya Ufunguzi Mtaani Chokaani

Hapo kale, wajukuu, wanyama walipokuwa wakijenga miji na kulipa ushuru kama sisi, palikuwa na mtaa ukiitwa Chokaani. Nyumba zake zilikuwa zimechoka. Boriti zilioza, na kila masika ukuta mmoja uliporomoka, puu, wala hakuna aliyeshtuka tena.

Humo aliishi Bi Pimbi, mjane mdogo wa kimo. Ahadi za kuufufua mtaa alizisikia tangu ujana wake, hata masikio yakachoka kuzipokea.

Hatimaye Liwali Tembo, mkuu wa serikali, alifanya ubia na tajiri Kiboko. Serikali itoe ardhi. Tajiri atoe boriti, chokaa na mafundi. Wakaaji wakaambiwa wahamie mabandani hadi kazi iishe. Wakahama. Kazi ikafanywa, tena ikafanywa vizuri, haki isemwe.

Asubuhi ya ufunguzi, Bi Pimbi alipita nyuma ya hema la wakubwa, akamsikia Kiboko akicheka, kho kho kho.

"Liwali wangu, funguo nimewaahidi matajiri wa ng'ambo. Hawa wa mabandani watazoea."

"Watazoea," Tembo akajibu. "Tuwalishe pilau kwanza, wasitupigie kelele."

Bi Pimbi hakulia. Hata kulia kulikwisha kumchosha. Alijifunga leso yake, akaenda kuketi karamuni pamoja na wenzake.

Walipokwisha kula, Maalim Korongo, imamu wa mtaa, alinyanyua mbawa ili aombe dua.

"Maalim, subira kidogo," Bi Pimbi akasema. "Tumwombee nani kwanza?"

"Liwali na tajiri, wote wawili, mwanangu."

"Hiyo ni dua ya leo tu. Aliyetoa wakfu ndiye tumwombeaye kila Ijumaa mpaka Kiyama. Nauliza, maana huenda mmoja wao ametoa."

Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Tembo.

"Ardhi nimeitoa mimi," Tembo akasema.

"Umempa nani, baba?"

Tembo alikohoa. Uwanja mzima ulimkodolea macho. "Nimeitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, iwafae wakaaji wa Chokaani. Ni wakfu."

Vigelegele vikapaa. Kiboko akavisikiliza kwa wivu. Jina la mwenziwe lisomwe kila Ijumaa, lake liachwe? Akasimama.

"Na nyumba nazitoa wakfu, zote, kwa wakaaji wake na vizazi vyao."

"Mmeshuhudia?" Maalim akauliza kwa upole.

"Tumeshuhudia."

Dua ilipokwisha, Tembo alimnong'oneza mshirika wake. "Wale wa ng'ambo utawaambia nini?"

"Nitatengua. Yalikuwa maneno ya karamuni."

Maalim alikuwa nyuma yao. "Wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala haurudishwi. Funguo, bwana."

Kiboko akazitoa, moja moja, kama anayeng'olewa meno.

"Usinune, Bwana Kiboko," Bi Pimbi akamwambia alipopokea ufunguo wake. "Jina lako tutalisoma la kwanza."

"Kabla ya Tembo?"

"Kabla ya Tembo."

Tajiri akatabasamu bila kutaka. Bi Pimbi akaingia ndani, akafunga mlango, akajilaza sakafuni pale pale. Jamvi atalitandika kesho.

Basi, wajukuu, anayetafuta sifa mbele za watu asistaajabu watu wakimfunga kwa kauli yake.