Fisi na Henzirani Kumi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipelekeana barua kama sisi, Mfalme Simba alibandika tangazo: "Ijumaa ni karamu. Kila mtu aje na kibia. Akioshe vizuri, apakuliwe wali humo, na akimaliza kula arudi nacho kwake."

Wote wakakwama kwenye kibia. Wakamwita Fisi, aliyevaa miwani isiyo na vioo na kujiita Mwalimu. Fisi akalitazama lile neno moja tu, akameza mate.

"Kibia ni kifaranga," akasema. "Kesho nitapita na kapu kuwakusanya, niwapeleke mimi mwenyewe."

Uongo mtupu, wanangu. Lakini nani ambishie Fisi na meno yale?

Mama Kanga alikuwa amebakiwa na kifaranga mmoja tu. Akamkumbatia, machozi tiririri. Jirani yake Kindi, mdogo wa mwili, mrefu wa ulimi, akaenda kusoma tangazo lote. Akarudi anacheka, hihihi, nusura aanguke.

"Shangazi, wewe umewahi kupakua wali ndani ya kifaranga?"

"Toka lini?"

"Na ukishakula unarudi nacho nyumbani. Basi kibia ni chombo, bakuli hivi. Futa machozi, huyo niachie mimi."

Kindi akachukua mkaa, akaongeza chini ya tangazo: "Msomaji apewe henzirani kumi. Alale kifudifudi, ashikwe miguu asikimbie."

Kesho yake Fisi akaja na kapu lake. Kindi akamwita mbele ya wote.

"Mwalimu, henzirani ni nini?"

Fisi akaona "apewe", akaona "kumi". Mate chururu.

"Minofu ya mbuzi. Nipeni upesi."

"Husomi yanayofuata?"

"Mwalimu neno moja linamtosha, kijana. Nipeni zote kumi."

"Haya, lala kifudifudi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Fisi akalala, kinywa wazi. Nyati akamshika miguu. Tembo, ambaye alikwisha kuusoma mstari wote na kuuelewa, akakata fimbo. Cha! Cha! Cha!

"Minofu gani hii ya kuliwa mgongoni?" Fisi akalia.

"Tulia, Mwalimu," Kindi akasema. "Umekula tatu, zimebaki saba."

Ijumaa Mama Kanga alikwenda karamuni na bakuli lake la udongo, limeoshwa likang'aa, na kifaranga wake akimfuata nyuma, piyo piyo.

Nanyi wanangu, neno msilolijua, waulizeni majirani zake.