Bi Kanga Asiye na Adabu

Jamani mliokaa, mpo?

— Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Na milango ya nyumbani mmeifunga?

— Tumeifunga.

Mnasema tu. Haya, ninayo ngano mkononi.

— Ilete, tuipokee.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kuku wakiwa na meno, palikuwa na mji uitwao Mvumbini. Wakazi wake walikuwa ndege wa kulala chini: akina Kwale, akina Bata, akina Kanga. Pamoja nao aliishi mbuzi mmoja, Mzee Beberu, ambaye alikuwa mkuu wa baraza kwa sababu ya ndevu zake. Sababu nyingine haikujulikana.

Mji ule ulisifika kwa adabu, na adabu yenyewe ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, mgeni akibisha hodi huitikiwa karibu papo hapo. Kumwuliza "wewe nani?" ilikuwa sawa na kumtukania mama yake. La pili, mgeni akishaketi, mwenye nyumba humpa kisogo akaenda uani kumtekea maji mtungini. La tatu, jua likiwa utosini hakuna kupiga kelele, maana wazee wamelala. Wazee wa Mvumbini walikuwa wakichoka sana, ingawa hakuna aliyewahi kuwaona wakifanya kazi.

Sasa, ng'ambo ya kijito aliishi Bwana Kenge. Alikuwa na ulimi mrefu, mkia mnene, na adabu kuwapita wote. Desturi za Mvumbini alizijua kuliko wenyeji wake. Na hapa duniani hakuna alichokipenda kama yai.

Siku moja mchana, waume wakiwa malishoni, Bwana Kenge alifika mlangoni kwa Bi Kwale.

"Hodi, hodi, wenyewe."

"Karibu," akaitika Bi Kwale, hata hajainua kichwa.

Kenge akaingia. Akaulizia hali ya nyumba, hali ya baba mkwe, hali ya mtama shambani. Akaketi. Bi Kwale akampa kisogo, akaenda uani kuteka maji. Aliporudi, mgeni hayupo na mayai sita hayapo. Kiti kilikuwa kimerudishwa mahali pake vizuri kabisa.

Bi Kwale akaenda barazani analia.

"Ulimkaribisha wewe mwenyewe?" akauliza Mzee Beberu.

"Ndiyo, mzee."

"Basi alikuwa mgeni wako. Sasa baraza lifanye nini na wageni wako? Ulipiga kelele?"

"Sikupiga, mzee. Mlikuwa mmelala."

"Hapo umefanya vyema," akasema Beberu, na baraza zima likatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mara ya pili Kenge akaenda kwa Bi Bata.

"Hodi, hodi, wenyewe."

Bi Bata alikuwa amesikia yaliyompata Bi Kwale. Lakini ulimi uliozoea hauna subira. Ulisema "karibu" kabla kichwa hakijapata habari. Kenge akaingia, akaulizia nyumba, akaulizia baba mkwe, akaulizia mtama, akaketi. Bi Bata hakuinuka.

"Mwenzangu," akasema Kenge kwa masikitiko, "nife na kiu ndani ya nyumba ya Bi Bata? Nikitoka nje nikawaambie nini watu?"

Bi Bata akaona haya. Akaenda uani mbio, akarudi mbio, akamkuta Kenge na yai la tano mdomoni. Akamwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa ilikuwa mchana, "Bwana Kenge, samahani, hayo mayai ni yangu."

Kenge akamjibu kwa mkia. Bawa la kulia la Bi Bata likavunjika palepale.

Barazani walimtazama lile bawa lililofungwa kitambaa, wakamwuliza kwa nini alirudi upesi hivyo, kwani mtungi wake uko karibu kiasi gani? Na mtu ukijua una mayai, unaketije nyumbani peke yako? Bi Bata akaanza kueleza. Hakuna aliyemsikiliza.

Hata hivyo, wazee wale hawakuwa na mioyo ya mawe. Waliona jambo limekuwa kubwa, wakaamua wanawake wa Mvumbini wafundishwe kujilinda. Mwalimu akawa Mzee Beberu, kwa sababu ya ndevu.

Na hapa ndipo anapoingia Bi Kanga.

Bi Kanga alikuwa anaatamia mayai tisa, ya kwanza tangu aolewe. Alikuwa akiyageuza asubuhi na jioni, akiyasemesha moja moja, na moyo ulikuwa ukimdunda kila jani linapoanguka. Nyumba ya Bi Kwale ilikuwa kulia kwake, ya Bi Bata kushoto. Kwa hiyo alijua vizuri mlango upi umebaki. Siku ya mafunzo alimwachia mumewe mayai, akawa wa kwanza kufika uwanjani.

"Somo la kwanza," akasema Mzee Beberu. "Adui akija, inamisha kichwa, mwelekezee pembe."

"Mwalimu," akasema Bi Kwale, "mimi sina pembe."

"Fanya kama unazo."

Wakainamisha vichwa, wakafanya kama wanazo.

"Somo la pili. Simama kwa miguu ya nyuma, mwangalie adui kutoka juu."

Bi Bata akamwambia mwalimu kuwa wao miguu ni miwili tu, na hiyohiyo ndiyo ya nyuma. Mwalimu akasema basi wamekwisha fuzu somo la pili, jambo la kujivunia.

"Somo la tatu. Tikisa ndevu. Hakuna adui anayestahimili ndevu."

Bi Kanga akainua bawa. "Mwalimu, na adui akija kwa hodi?"

"Akija kwa hodi si adui, ni mgeni. Hilo halimo."

"Nikipiga kelele je?" Na bila kungoja jibu, akaonyesha jinsi atakavyopiga.

Mnaijua sauti ya kanga. Ni kama mtu anayekwangua sufuria tupu kwa jiwe, na hana mpango wa kuacha. Uwanja mzima ukaziba masikio.

"Bi Kanga," akasema Mzee Beberu, "mwanamke mwenye sauti hiyo ataharibu jina la mji. Tafadhali, iache nyumbani."

Basi mafunzo yakaisha, wote wakasifiwa. Njiani Bi Kanga alitembea na jirani zake wawili mpaka walipofika kwenye kisima.

"Nikipiga kelele, mtakuja?" akauliza.

"Saa hizo wazee wamelala," akasema Bi Kwale.

"Sijawauliza wazee, dada. Nawauliza ninyi."

Bi Kwale akatazama chini. Akayakumbuka mayai yake sita, na kile kiti kilichorudishwa mahali pake. "Nitakuja," akasema.

"Mimi nina bawa moja," akasema Bi Bata.

"Mdomo je?"

"Mdomo ninao."

"Basi njoo na mdomo."

Bi Kanga akaingia kwake. Akachukua mchi wa kinu, akaukingamisha mlangoni kwa ndani. Akazoa majivu ya jikoni, akayaweka kwenye kifuu karibu na kiota. Kisha akaketi juu ya mayai yake, akaanza kuufundisha ulimi neno jipya. Akasema "nani?" Likatoka kama kikohozi. Akasema tena "nani?" Akaona aibu peke yake, akatazama kama kuna aliyemsikia. Mara ya tatu likatoka vizuri.

Siku tatu baadaye, jua utosini, waume malishoni, wazee wanakoroma.

"Hodi, hodi, wenyewe."

Bi Kanga akainua kichwa. Ulimi wake, huo alioufundisha siku tatu, ulikuwa tayari umeshasema "ka". Akaumeza.

"Nani?" akasema.

Kenge akasogeza sikio mlangoni. Nadhani tangu Kenge azaliwe hakuwahi kuulizwa.

"Sikusikia vizuri," akasema Kenge. "Ati?"

"Wewe nani, na una shida gani?"

"Haya makubwa. Tangu lini mgeni wa Mvumbini akahojiwa mlangoni? Mama yako alikulea hivi, Bi Kanga?"

Maneno yale yalimchoma. Mama yake alikuwa mtu mstaarabu sana, kila mgeni alimkaribisha, na alikufa hajaacha watoto wengi. Bi Kanga akayakandamiza mayai yake chini ya kifua.

"Hodi," akasema Kenge mara ya pili, kwa sauti ya asali. "Sitaki kuingia, mwanangu. Ni kiu tu."

"Mtungi nimeutoa nje, uko kushoto kwako. Kata ipo juu yake. Kunywa, uende salama."

Kenge akaona mtungi, akaona kata. Hakunywa. Ajabu, kiu ilikuwa imemwisha.

"Hodi," akasema mara ya tatu, na safari hii alisema kwa bega. Mlango ukalia. Mchi ukapinda, ukateleza, ukaanguka. Kichwa cha Bwana Kenge kikaingia ndani, ulimi mbele.

Bi Kanga akasahau pembe asizokuwa nazo. Akasahau ndevu. Akakamata kifuu, akamwaga majivu yote katika yale macho mawili, akamdonoa puani mara moja, mara mbili, mara tatu. Halafu akafungua mdomo, akatoa ile sauti aliyoambiwa aiache nyumbani. Na kwa kweli aliitii amri, maana hapo palikuwa nyumbani.

"Kekeke! Kekeke! Kenge huyu hapa! Kekeke!"

"Bibi," akasema Kenge akikohoa, macho yamefumba, "punguza sauti. Majirani watatufikiriaje?"

Bi Kanga akaongeza.

Majirani hawakufikiri kitu, walikuja. Bi Kwale alikuja na mwiko, akipiga kelele. Bi Bata alikuja na bawa moja na mdomo, akaung'ata ule mkia uliomvunja, akaning'inia. Kelele zile zikawatoa kuku, zikawatoa njiwa, mpaka chiriku kutoka mtini. Kila mmoja alisimama anamwangalia Kenge na kumtaja kwa jina.

Kenge hakuwa amezoea kutazamwa. Akajikokota mpaka kijitoni, nusu kipofu, na Bi Bata hakumwachia mpaka alipohisi maji miguuni. Njia nzima Kenge alikuwa akisema, "Huyu mwanamke hana adabu. Nitawaambia watu wote." Na aliwaambia. Wajomba wa Kenge, binamu wa Kenge, wakwe wa Kenge, wote walielezwa kuwa katika nyumba ile mgeni huulizwa jina. Wakaapa hawatakanyaga tena. Hasara iliyoje kwa Mvumbini.

Mzee Beberu naye aliamka. Alipomwona Kenge anakuja upande wake, alipanda juu ya paa, akashuka jioni.

"Nilikuwa napima hali kutoka juu," akaeleza. Kisha akakohoa. "Mmeona faida ya mafunzo? Lakini kelele zile, Bi Kanga, tena mchana. Baraza limekaa, na kuanzia leo wewe utaitwa Asiye na Adabu."

"Ahsante, mzee," akasema Bi Kanga. "Naomba ruhusa, mayai yatapoa."

Akaenda. Alipoketi juu ya mayai yake ndipo alipolia kidogo, kwa kuwa hofu ina tabia ya kufika baada ya kazi kwisha. Bi Kwale akabaki naye mpaka mume wa Bi Kanga aliporudi.

Mayai tisa yakaanguliwa yote tisa. Watoto tisa, wenye madoadoa, wenye sauti mbaya tisa. Mzee Beberu akaona ni vyema aende kupongeza, maana ushindi alikuwa ameshauhesabu kuwa wake. Akachana ndevu. Akafika mlangoni.

"Hodi."

"Nani?" vikauliza visauti tisa kwa pamoja.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Mwalimu nani?"

Mzee Beberu akasimama juani, mdomo wazi, akisubiri mtu awakemee watoto. Ndani hakuna aliyewakemea. Ila alisikika mama mmoja akicheka taratibu.

Ndiyo maana hadi leo, ukipita porini hata kwa wema wako wote, kanga watapiga kelele kabla hawajakujua. Usikasirike. Ukiwa mwema, utapita.

Na mafunzo ya ngano hii ni haya: adabu inayokutaka unyamaze unapodhuriwa si adabu, ni mlango aliofunguliwa mwizi. Uliza nani kabla ya kufungua. Silaha yako ni ile uliyo nayo, si pembe za mwalimu. Piga kelele hata kama wazee wamelala. Na ukisikia jirani anapiga, toka nje. Mambo ya nani alimkaribisha nani yataulizwa baadaye, na ikiwezekana yasiulizwe kabisa.

Ngano yangu imefika kizingitini, naiweka hapo. Ikija kwako kesho ikabisha hodi, usiikaribishe tu. Iulize kwanza, wewe nani?

— Tutaiuliza.

Haya. Sasa nendeni mkaifunge ile milango mliyosema mmeifunga.