Pampu ya Kuazima

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi na sungura kusemezana, ni zamani hii ya juzi, barua zimekwisha kuwa pepe na watu bado wanaziandika kama wanaitana sokoni, palikuwa na mji wa mlimani uitwao Kiwambo. Kaeni vizuri. Na wewe uliyeshika simu, iweke chini, maana hadithi yenyewe inakuhusu.

Kiwambo ilikuwa na pampu mbili za maji. Moja ikaungua. Iliyobaki ilikuwa kuukuu, ikihema tu, ikisukuma maji Jumanne na Ijumaa, siku nyingine inapumzika kama mstaafu. Pale zahanati, mama mjamzito aliambiwa aje na ndoo yake ya maji kwanza, khanga za mtoto baadaye. Jambo hilo liliuma watu, na liliwauma zaidi wa ofisi ya maji, kwa sababu wao ndio waliotukanwa na foleni nzima.

Mkuu wa ofisi hiyo aliitwa Mzee Lwitiko. Chini yake walikuwapo vijana watatu wa mkataba: Gwakisa, fundi wa mitambo, Sikudhani, wa mapokezi, na Kalunde, aliyeshughulikia malalamiko ya wateja. Mikataba yao ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na Makao Makuu walitoa nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Moja. Wawili warudi nyumbani.

Mzee Lwitiko akawaita. "Wanangu, nafasi ni moja, nyinyi ni watatu, na mimi nawapenda wote, ndiyo shida yangu. Basi kila mmoja kwa zamu yake awaandikie Makao Makuu. Atakayetuletea pampu, jina lake ndilo nitakalolipeleka."

Jumatatu akaanza Gwakisa. Jamani, kijana yule alikuwa anajua kazi! Alishuka kisimani mwenyewe, akapima kina, akapima upana wa bomba, akaandika nguvu ya umeme, akapiga na picha. Kisha akakaa kwenye kompyuta, na hapo ndipo alipoharibu. Kichwa cha habari akaandika: HARAKA!!! Na mstari wa kwanza: "Mnalala huko?"

"Weka hata salamu, kaka," Sikudhani akamwambia.

"Salamu zinapandisha maji mlimani?" Akabonyeza, akatuma.

Barua ikaenda. Kiwambo wakasubiri. Bomba likakohoa, likatoa upepo.

Huko Makao Makuu, mkuu wa vifaa alikuwa Bi Nsiande, mama mtu mzima, ndiyo kwanza ametoka kumzika mama yake mzazi. Akafungua: "Mnalala huko?" Akavua miwani. "Huyu ningeweza kumzaa, ndiye ananiuliza hivi?" Akaifunga barua bila kusoma mstari wa pili, na vile vipimo vizuri vyote vikabaki gizani.

Jumanne ikawa zamu ya Sikudhani. Huyu alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yake mtu haombi hata chumvi kabla ya kuulizia watoto. Akaandika: "Mheshimiwa Bi Nsiande, shikamoo. Tumepokea kwa majonzi habari za msiba wa mama. Pole sana, Mungu akutie nguvu. Sisi huku Kiwambo hatujambo, hatuna neno, hofu ni juu yako." Akaendelea hivyo, akapita kwa kaka za marehemu, akapita kwenye mvua, akapita kwenye afya ya ofisi nzima. Mwisho kabisa, chini, kama mtu anayeaga mlangoni, akaandika: "Pia, ofisi yetu iko tayari kuazima pampu moja, kwa mwezi mmoja au hata zaidi."

Kabla ya kutuma akamwita Kalunde. "Mwenzangu, hebu nisomee, isije ikawa na kosa."

Kalunde akasoma. Jicho lake likasimama kwenye neno moja. Akafungua mdomo, akaufunga. "Nzuri sana, dada," akasema.

Barua ikaenda. Kiwambo wakasubiri. Bomba likakohoa, likatoa tope.

Sasa, nyinyi mnalijua neno kuazima. Nikikupa jembe langu, nimekuazima. Ukilichukua, umeliazima. Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima, na jembe lenyewe halisemi. Tukiwa uso kwa uso hatupotei, maana mkono unaonekana ukitoa au ukipokea. Kwenye barua pepe mkono hauonekani.

Bi Nsiande aliisoma yote. Barua zilikuwa zimejaa kwake, za ankara, za vikao, za kumhimiza, na hakuna hata moja iliyompa pole. Akalia kidogo, akajifuta. Kisha akafika kule chini. "Watu wa Kiwambo wana moyo," akasema. "Wazima, hawana neno, kwenye daftari langu wana pampu mbili, na wako tayari kutuazima moja." Akaagiza gari likaichukue.

Alhamisi asubuhi gari likaingia Kiwambo. Sikudhani alilipokea kwa vigelegele! Gwakisa akakunja mikono ya shati ashushe mzigo. Gari tupu. Wakashuka mafundi na spana.

"Tumekuja kuchukua pampu mliyotuazima," dereva akasema. "Tunawashukuru sana."

Vigelegele vikakatika. Mzee Lwitiko akashika geti kwa mikono miwili. "Mwanangu, hiyo ndiyo inayotunywesha!"

"Mzee wangu, mimi natembea na karatasi. Karatasi inasema nichukue. Ikija nyingine kusema nisichukue, nitageuza."

Habari ikafika kwenye foleni ya maji. Akina mama wakaja na ndoo zao, na mmoja wao, mimba yake imekaribia, akapita katikati ya mafundi akaketi juu ya pampu. "Ing'oeni na mimi," akasema.

Zamu ya Kalunde ilikuwa bado, wakingoja kwanza jibu la Sikudhani, lakini nani angengoja zamu? Akakimbilia kwenye kompyuta. Akafuta, akaandika, akafuta tena. Barua yenyewe hii:

"Yah: Ombi la kupewa pampu. Gari lisichukue tuliyonayo.

Shikamoo Bi Nsiande. Kiwambo ina pampu moja tu inayofanya kazi. Ya pili imeungua. Tulipoandika kuazima, tulikusudia kupewa, si kutoa. Tunaomba umwagize dereva aiache hii, kisha utupatie nyingine. Vipimo vimo kwenye barua ya Gwakisa ya Jumatatu, chini ya mstari wa kwanza, ambao tunauombea radhi. Dereva yuko hapa anasubiri jibu lako. Asante. Kalunde, Ofisi ya Maji, Kiwambo."

Jibu lilirudi chai ya dereva haijapoa. Bi Nsiande aliandika: "Marahaba. Dereva aiache. Apitie ghala la mkoa, achukue pampu ya vipimo alivyoandika Gwakisa, awaletee. Bahati yenu gari liko huko tayari. Lingekuwa huku, mngesubiri hadi masika. Na mwambieni Sikudhani pole yake imefika."

Jumamosi maji yakapanda mlima. Bomba likakohoa, na safari hii likatoa maji! Watu wazima wakalowana kwa makusudi. Yule mama akajifungua Jumapili mtoto wa kike, na alikwenda zahanati na khanga tu, ndoo akaiacha nyumbani. Mimi nikilisimulia hili hata leo nafurahi.

Lakini nafasi je? Jumatatu wakasimama watatu mbele ya Mzee Lwitiko.

Gwakisa akasema, "Mzee, adabu sikuwa nayo, nakiri. Lakini bila vipimo vyangu ingeletwa pampu gani? Isiyoingia kisimani. Maneno yao yameleta gari. Namba zangu ndizo zinazosukuma maji."

Sikudhani akasema, "Mzee, neno langu lilitupoteza, nakiri. Lakini barua ya Gwakisa ilifungwa kwa hasira, yangu ikafungua moyo wa mtu. Na hilo gari lililoleta pampu lilikuja kwa barua ya nani? Bila kosa langu tungekunywa tope mpaka masika."

Kalunde akasema, "Mzee, ya Gwakisa ilifungwa na ya Sikudhani ikapotea njia. Yangu ndiyo iliyosomwa ikaeleweka. Niliyoyaomba ndiyo yaliyofanyika."

Sikudhani akamgeukia. "Mwenzangu, ile barua yangu si nilikupa uisome?"

Kalunde akainama. Angeweza kusema hakuona, nani angejua? "Niliona," akasema. "Nililiona neno lile, nikajua linasomeka pande mbili. Nikasema moyoni, na achelewe, nafasi iwe yangu. Sikujua watakuja na spana. Yule mama alipoketi juu ya pampu, nilitamani ardhi inimeze." Akalia mbele yao, bila kujificha.

Nje, maji yalikuwa yanasikika yakijaa ndoo za watu.

Mzee Lwitiko akavuta kiti, akakaa kwenye kompyuta mwenyewe. Akaandika: "Makao Makuu, salaam. Kwa nafasi ya kudumu ya ofisi ya Kiwambo, nampendekeza..." Kidole kikabaki hewani.

Mmoja alijua kazi akakosa adabu. Mmoja alikuwa na adabu, neno likamponyoka. Mmoja alijua neno, akalificha, kisha akalitumia kuokoa mji. Mzee bado kainua kidole, na vijana watatu wamesimama nyuma ya kiti chake. Haya, wasikilizaji wangu, mnijibu kwa kifupi na msinisahau salamu: hapo mbele ya "nampendekeza", wewe ungeandika jina la nani?