Shimo la Fundi Lutengano

Shimo la gari hupimwa kwa mtu. Ndivyo alivyosema yule mama mchuuzi mkutanoni leo, alipoonyeshwa ramani ya stendi mpya ya malori, nanyi vijana mkacheka. Mmoja wenu akanong'ona kwamba mama kachanganya maneno, shimo likiwa la gari si lipimwe kwa gari? Kaeni basi. Siku maneno hayo yalipotamkwa mara ya kwanza nilikuwepo, na udongo wake ulikaa kwenye kucha zangu wiki nzima. Yalianza hivi.

Shirika la uchukuzi lililokuwa hapa Makambako lilipofunga karakana yake, tulifukuzwa mafundi kumi na mmoja kwa karatasi moja. Ilibandikwa mlangoni kwa grisi. Hata gundi hatukustahili. Aliyeitia saini namkumbuka jina, namkumbuka na viatu. Lakini leo simsemi yeye.

Mwenzangu Lutengano Mgaya hakubishana na karatasi. Alibeba sanduku lake la spana begani, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe kwamba gereji itakuwa hapo hapo uani. Malori ya zamani, yale yenye pua ndefu, yalikuwa bado yanapita barabara ya Songea, na mafundi wanaoyajua tulikuwa tumetupwa mtaani. Akasimamisha nguzo mbili na boriti ya kuning'inizia injini. Akafunga jiriwa la kubania vyuma kwenye meza ya mbao. Akaezeka mabati manne. Likabaki shimo, maana kwa mtengeneza malori, gereji bila shimo ni jiko bila mafiga. Fundi atasimama wapi aione difu huko chini ya gari?

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Kilasi, mwenye lori la kubebea viazi. Lutengano alikwenda kwake na kamba, akafunga fundo usawa wa bampa ya mbele na fundo jingine usawa wa bampa ya nyuma. Akarudi, akailaza kamba uani, tukachimba kutoka fundo hadi fundo. Ngazi alizikata upande wa nyuma, ndani ya kipimo hicho hicho.

Mkewe, Mama Vumilia, alikuwa akitoa udongo kwa karai. Akasimama, akatazama.

"Baba Vumilia, gari likishakaa hapa juu, wewe utatokea wapi?"

"Ngazi si hizo?"

"Hizo nazo zitakuwa chini ya gari."

"Nitapenya ubavuni, katikati ya matairi. Hili ni shimo la gari, mama, si la kulala mtu."

"Ongeza hatua mbili mbele."

"Hatua mbili ni siku mbili. Mzee Kilasi anakuja Jumatano."

Nami niliyekuwa na sururu mkononi nilicheka, na nilicheka upande wa fundi. Nasema hivi ili msidhani nawahubiria. Miaka kumi na minane tulishuka na kupanda katika shimo la shirika, refu, lenye ngazi pande zote mbili, wala hatukuwahi kujiuliza ni nani aliyezifikiria zile ngazi.

Matofali ya kujengea kuta za shimo yalikuwa bado tanuruni. Manyunyu yakashuka siku tatu mfululizo. Jumatano asubuhi Mzee Kilasi akafika, na lori limejaa magunia ya viazi hadi juu.

"Tulikubaliana uje na gari tupu, mzee," Lutengano akasema.

"Nikitoka hapa naenda mnadani. Ni springi tu, fundi. Kama huwezi, sema niende kwingine."

Lutengano aliyatazama matairi, akautazama udongo. Mtu aliyefukuzwa kazi hana sauti ya kumkatalia mteja wa kwanza. Akashuka shimoni ili aliongoze gari kutoka chini.

"Njoo. Njoo. Kulia kidogo. Hapo hapo!"

Mzee Kilasi akazima injini, akateremka. Tukasikia sauti kama ya mtu anayechana kanga pole pole. Ukingo wa kushoto ukakatika. Matairi ya nyuma yakazama, gari likainama, chasisi ikalala juu ya ardhi. Ule ubavu ambao fundi angepenya sasa usingepitisha hata mkono wangu.

"Lutengano!"

Kikohozi. Kisha sauti, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi: "Nipo. Udongo umenifika mapajani. Msiguse kitu kwanza."

Lakini mikono ya watu wenye hofu haitulii. Mzee Kilasi alikuwa ameshaleta jeki. Tukaiweka, tukapiga mara tatu, na badala ya gari kupanda, jeki ndiyo iliyoshuka. Bonge jingine likaanguka.

"Toeni jeki! Toeni! Umefika kiunoni!"

Utingo wa Mzee Kilasi akakanyaga tairi ili apande kupunguza magunia. Springi zikalia, udongo ukaporomoka tena.

"Shuka!" Mama Vumilia akapiga kelele. "Asipande mtu!"

Bomba la dizeli lilikuwa limekatika. Harufu ikajaa ua mzima. Mzee Kilasi akaweka sigara mdomoni. Mama Vumilia aliichomoa kwenye midomo yake, akaivunja.

"Ukitaka moshi, mzee, nenda kwako."

Nikasema tuchimbe mbele ya bampa, tushuke wima, kisha tutoboe ukuta wa shimo. Mzee Kilasi akaruka.

"Mkichimba hapo na matairi ya mbele yataingia! Mnataka kunivunjia chasisi?" Akaiokota kamba, ile ile yenye mafundo, akaanza kupima kutoka kwenye tairi. "Angalau muanzie huku mbali. Hapa gari litakuwa salama."

Huko alikokuwa anaonyesha, tungechimba hadi jioni. Na kutoka chini tulikuwa tunasikia changarawe zikidondoka, chache chache, kama mtu anayechambua mchele. Nilisimama na sururu nisijue niipige wapi. Nikiipiga karibu, huenda nikamwangushia gari. Nikiipiga mbali, atazikwa tukiwa njiani.

Mama Vumilia akalala. Alilala chali kwenye tope, mbele kabisa ya bampa, mikono kaibana mbavuni.

"Mlowe, chora," akaniambia.

"Nichore nini, shemeji?"

"Mabega yangu. Yake yamezidi ya kwangu kiganja kila upande. Ongeza hivyo, usizidishe. Tundu likiwa dogo, gari halitaanguka."

"Mama, na gari langu je?" Mzee Kilasi akauliza, kamba mkononi.

Akamjibu bila kuinuka. "Gari mmelipima tangu juzi, mzee. Mtu hakuna aliyempima. Leo shimo la gari litapimwa kwa mtu."

Nikachora kwa ncha ya spana. Tukachimba kwa zamu, mmoja mmoja, maana tundu lilikuwa halienei wawili. Usawa wa kifua tukaacha sururu, kwa kuwa ilitikisa ardhi, tukaendelea kwa mikono na sufuria. Mama Vumilia alilala kifudifudi, mdomo ukingoni, akawa anamsemesha mumewe.

"Baba Vumilia, ufunguo wa ghala umeuweka wapi?"

"Kwenye kopo la chumvi."

"Kopo lipi?"

"Wewe mwanamke, hata huku?"

Tulicheka, Mungu atusamehe. Akauliza tena, habari ya mbuzi wa jirani, na jibu likaja dogo. Akauliza mara ya tatu. Kimya.

"Baba Vumilia."

Kimya. Sikumbuki nilichimbaje baada ya hapo. Nakumbuka ukuta ukilainika chini ya vidole vyangu, na kidole kisicho changu kikikamata changu.

Tulimvuta. Mabega yake yalipita kwa kukwaruza, udongo ukashuka nyuma yake ukaijaza nafasi aliyotoka. Alipolazwa juani alikuwa mweusi wa dizeli na tope, anatema, anahema. Mzee Kilasi akauliza gari litatolewaje. Mimi nilikuwa nimeshika sururu, na afadhali Mama Vumilia alinitazama, la sivyo ningempiga nayo.

Lori lilitolewa siku iliyofuata, magunia yakishushwa moja moja. Chasisi haikuvunjika. Matofali yalipotoka tanuruni, Lutengano alianza shimo upya, akaifuata kamba yake. Mkewe akamnyang'anya.

"Shuka," akamwambia. "Haya, panda."

Fundi akashuka, akapanda. Akaambiwa ashuke tena na sanduku la spana, apande kwa haraka. Ashuke kafumba macho, apande. Kila alipokwama, Mama Vumilia alisema, "Ongeza," nasi tuliongeza. Zilitoka hatua tatu mbele na ngazi pande zote mbili. Mzee Kilasi alikuwa amesimama pembeni na lori lake, tupu safari hii, kavua kofia.

"Fundi, langu utalipima lini?"

Lutengano alikuwa katikati ya ngazi, jasho linamtoka. Akamtazama mkewe, kisha akamtazama mzee.

"Subiri zamu yako, mzee wangu. Shimo la gari hupimwa kwa mtu."