Bloku Iliyooshwa kwa Nje

Mtu mmoja alikuwa na bloku kuukuu ya injini, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ilikuwa ya gari dogo la zamani, lile lenye injini nyuma, lisilo na rejeta, linalopozwa kwa upepo. Mtu huyo aliitwa Anyosisye, aliishi Tukuyu pamoja na mama yake na mdogo wake, Gwakisa. Mzee aliliendesha gari hilo mpaka injini ikanoki, kisha naye akafa. Wanawe wakaazimia kuiunda upya, tena iwe na nguvu kuliko mwanzo, wapande nayo mlima siku ya mashindano mbele ya watu waliomjua baba yao.

Wakagawana kazi. Anyosisye, kwa kuwa ndiye mkubwa, akachukua kuosha bloku. Aliiosha kwa petroli, akaisugua kwa brashi ya waya, akaipaka rangi ya fedha. Iling'aa hata majirani wakaja kuitazama, naye akapenda sana kutazamiwa kazi yake. Gwakisa akafunga krenkshafti mpya, beringi mpya na pistoni kubwa. Siku ya mashindano gari liliondoka kwa mngurumo mzuri. Katikati ya mlima likanoki, watu wakalisukuma pembeni.

Anyosisye aliona aibu, na mwenye aibu hakosi wa kumtwisha. Akasema mbele za watu kwamba Gwakisa amefunga vibaya. Gwakisa aliumia sana, akahamishia zana zake kwa jirani. Ndugu waliokula sahani moja wakawa wanasalimiana kama wageni kituoni. Mwishowe Anyosisye akatangaza kwamba bloku haifai, itapelekwa kwa watu wanaoyeyusha vyuma na kusubu sufuria, mambo yaishe.

Gwakisa akasikia. Akaja, akasimama mbele yake, akasema, "Kaka, kabla hawajaiyeyusha, niruhusu nitoboe vizibo."

Sikilizeni, ninyi msiojua injini, na ninyi mnaojidai kuijua. Ndani ya kuta za bloku mna njia nyembamba za kupitisha oili. Kiwandani huzitoboa kutokea nje, kisha huziba midomo yake kwa vizibo vidogo vinavyogongwa kwa nyundo. Kizibo kikishakaa hufanana na bloku yenyewe, na mwenye kuosha hupitisha brashi juu yake asijue kwamba pale pana mlango. Injini ikinoki, chenga za beringi iliyosagika hukimbilia humo. Na kutoboa ni hatari, maana drili ikienda kombo bloku imekufa. Anyosisye aliogopa drili, na zaidi aliogopa kitakachotoka. Hata hivyo akaishika bloku kwa mikono miwili ili mdogo wake atoboe.

Walipoingiza mafuta ya taa na brashi nyembamba, zikatoka chenga nyeusi zinazometameta. Zilikuwa za injini ya baba yao. Kumbe zilikaa humo wakati wote, chini ya ile rangi nzuri, na oili mpya ndiyo iliyozibeba ikazipeleka kwenye beringi mpya. Anyosisye alizitazama kiganjani mwake, akalia, akamwomba mdogo wake msamaha. Gwakisa akamsamehe pale pale, mikono ya wote wawili ikiwa imejaa grisi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani waliokuwa wameshika upande wa mmoja wao wakabaki wanatazamana.

Wakatoboa vizibo vyote, wakaosha kila njia mpaka mafuta yakatoka meupe. Hawakurudisha vizibo vya kugonga. Gwakisa alikata nyuzi za skrubu katika kila tundu, wakaziba kwa bolti fupi, ili siku nyingine wafungue kwa spana bila kuumiza chochote. Rangi hawakuikumbuka. Msimu uliofuata gari lilipanda mlima mpaka juu, na mama yao alikuwa huko akilisubiri, akafurahi kuliko siku aliyoolewa.

Tangu hapo, kila mwaka mvua zikiisha, wale ndugu hukaa chini, hufungua bolti na kuosha. Kila mwaka hutoka chenga kidogo. Siku hizi hawaulizani ni za nani.

Nawe uliyekuja hapa leo umefua nguo na kuzipiga pasi, ni nani uliyempa spana ya kufungulia bolti zako?